Innsbruck: Jinsi Umbo la Bonde Linavyotawala Hali ya Hewa ya Mji

Anayeitafuta Innsbruck kwenye ramani ya Ulaya ataikuta magharibi mwa Austria, katika latitudo ya nyuzi 47 kaskazini, mita 574 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo hivyo viwili angetarajia mji wenye hali ya hewa ya kawaida ya Ulaya ya Kati, yaani baridi ya kadiri, theluji ya hapa na pale, na mabadiliko ya polepole kati ya siku na siku. Mambo hayako hivyo. Kuna asubuhi za Januari ambapo barabara za katikati ya mji zimeganda huku miteremko iliyo mita mia kadhaa juu yake ina uvuguvugu, na kuna nyakati ambapo halijoto ya mji hupanda kwa zaidi ya nyuzi kumi katika muda mfupi, tena usiku, wakati hakuna jua la kuipandisha. Si latitudo wala mwinuko vinavyoeleza hayo. Maelezo yake yamo katika umbo la ardhi: kuta mbili ndefu za milima, sakafu tambarare katikati yake, na pengo moja upande wa kusini.

Bonde lenyewe ni la mto Inn, unaoanzia Uswisi, ukapita katika jimbo la Tirol kuelekea mashariki na kaskazini-mashariki, kisha ukaingia Danubi katika mji wa Passau, Ujerumani, baada ya safari ya kilometa 500 na ushei. Penye Innsbruck, sakafu ya bonde ina upana wa kilometa chache tu. Upande wa kaskazini unasimama mfululizo wa vilele uitwao Nordkette, ambao ni sehemu ya milima ya Karwendel. Kilele chake cha Hafelekarspitze kina mita 2,334, nacho kiko umbali wa kilometa tano hivi kutoka katikati ya mji, kwa hiyo ardhi inapanda zaidi ya mita 1,700 katika mwendo ambao mtu angeumaliza kwa saa moja kama ungekuwa tambarare. Upande wa kusini miinuko ni ya taratibu zaidi: kwanza kuna mtambao wenye vijiji na mashamba, kama ule wa Igls ulio karibu mita 870 juu ya usawa wa bahari, halafu mlima wa mviringo wa Patscherkofel wenye mita 2,246.

Kuta hizi mbili hazifanani hata kwa mawe yake. Bonde la Inn linafuata ufa mkubwa wa kijiolojia unaotenganisha milima ya chokaa ya kaskazini na milima ya miamba migumu ya fuwele iliyo kusini. Chokaa hunyonya maji ya mvua na ya theluji, huyapitisha ndani ya nyufa zake, na kuyatoa chini kama chemchemi. Chemchemi za Mühlau, zinazotoka ndani ya Nordkette, ndizo zinazoupa mji sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa.

Hata hivyo, ufa peke yake usingelifanya bonde liwe pana na tambarare namna hii. Kazi hiyo ilifanywa na barafu. Katika kilele cha enzi ya barafu iliyopita, zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, mto mkubwa wa barafu ulijaza bonde zima, na mahali ulipo mji leo palikuwa chini ya barafu yenye unene unaozidi kilometa moja. Barafu hiyo ilisugua kando za bonde hadi zikawa kali, ikachimba sakafu yake kwa kina kirefu, kisha ilipoyeyuka, mito na maziwa yakaijaza mitaro hiyo kwa changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi wenye kina cha mamia ya mita. Mitambao ya kusini ni mabaki ya mashapo ya zamani ambayo mto haujamaliza kuyaondoa. Nayo mito midogo inayoporomoka kutoka Nordkette imejenga vichuguu vipana vya kokoto kila inapofikia sakafu, na ni juu ya vichuguu hivyo, si kwenye sakafu yenyewe, ambapo makazi ya kale yalipendelea kukaa, kwa sababu Inn ulikuwa ukifurika na kuacha vinamasi kandokando yake.

Tukiacha miamba na kugeukia anga, jambo la kwanza la kuzingatia ni jua. Siku fupi kuliko zote, mnamo Desemba 21 au 22, jua la adhuhuri katika latitudo ya Innsbruck hupanda nyuzi 19 tu juu ya upeo. Miale inayoanguka kwenye ardhi tambarare kwa pembe hiyo hutawanyika juu ya eneo kubwa na haina nguvu. Lakini mteremko unaotazama kusini, wenye mwinamo wa nyuzi 25, hupigwa na miale hiyohiyo kwa pembe ya nyuzi 44, na kila mita ya mraba yake hupokea nishati zaidi ya mara mbili ya ile inayopokelewa na tambarare. Mteremko unaotazama kaskazini wenye mwinamo huohuo haupati mwale hata mmoja. Ndiyo maana mitaa iliyo chini ya Nordkette hupoteza theluji yake wiki kadhaa kabla ya ng'ambo ya pili ya mto, ingawa kati yao kuna umbali wa kutembea kwa miguu. Wastani wa halijoto ya mji unaochapishwa katika vitabu unaificha tofauti hii kabisa, na kwa maoni yangu ndio udhaifu mkubwa wa takwimu za hali ya hewa za miji ya milimani: zinaeleza kwa usahihi hali ya kituo kimoja cha kupimia, na wasomaji wakazichukulia kuwa hali ya bonde zima.

Siku zenye anga safi, hasa katika majira ya joto, bonde huwa na upepo wake lenyewe, ambao hautegemei mifumo mikubwa ya hewa ya bara. Asubuhi miteremko inayopigwa na jua hupasha hewa iliyoigusa, nayo hupanda kuifuata miteremko hiyo. Kisha, kabla ya adhuhuri, huanza upepo mkubwa zaidi unaovuma kwa urefu wa bonde, kutoka mashariki kwenda magharibi, yaani kuelekea mto unakotoka. Chanzo chake ni hesabu nyepesi ya ujazo. Chukua eneo la kilometa moja ya mraba bondeni na eneo kama hilo katika tambarare za Bavaria, ng'ambo ya milima. Yote mawili hupokea kiasi kilekile cha jua kutoka juu, lakini bondeni sehemu ya nafasi imejazwa na milima, na hewa iliyobaki ni kidogo. Joto lilelile likigawanywa kwa hewa kidogo huipandisha halijoto zaidi, hewa hiyo hutanuka na kuwa nyepesi, kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya chini ya bonde hushuka kuliko ya tambarare, na hewa ya tambarare huvutwa kuingia kupitia mdomo wa bonde. Usiku hesabu hugeuka: hewa kidogo hupoa upesi, huwa nzito, na hutiririka kuelekea mashariki pamoja na mto. Mzunguko huu ni wa kutegemewa kiasi kwamba katika wiki ya anga tulivu mtu anaweza kukisia saa kwa kuangalia upande bendera zinakopeperukia.

Katika majira ya baridi utaratibu huo hudhoofika, na bonde huingia katika hali nyingine. Usiku mrefu usio na mawingu, ardhi iliyofunikwa na theluji hupoteza joto lake kuelekea angani kwa kasi, na hewa iliyoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo ile ya miteremkoni huteleza hadi chini, ikakusanyika juu ya sakafu na kutengeneza bwawa la hewa baridi. Kwa kawaida halijoto hupungua kadiri mtu anavyopanda, lakini hapa huongezeka, na wataalamu huiita hali hiyo mgeuko wa halijoto. Katika nchi tambarare mgeuko wa namna hii huvunjwa na upepo wa kwanza wa asubuhi au na jua la saa nne. Bondeni upepo huzuiwa na kuta, na jua la Januari, ambalo tumeliona jinsi lilivyo dhaifu, huishia kurudishwa angani na weupe wa theluji. Hivyo bwawa linaweza kudumu kwa siku kadhaa mfululizo, likiongezeka ubaridi kila usiku.

Wakati huo hewa hutulia sana, na kila kinachotoka kwenye bomba la moshi hubaki karibu na pua za watu. Hapa jiografia inakutana na siasa. Bonde la Inn pamoja na bonde la Wipptal linaloelekea kusini ni njia kuu ya barabara kati ya Ujerumani na Italia, na malori yanayovuka mlima kupitia kivuko cha Brenner yamezidi milioni mbili kwa mwaka. Lori lilelile likitoa moshi uleule kwenye tambarare yenye upepo, moshi huo hutawanyika. Ndani ya bonde lenye mgeuko wa halijoto huchanganyika na tabaka la hewa lenye unene wa mita mia chache tu. Mwaka 2014 sehemu za barabara kuu za Tirol ziliwekewa kikomo cha kudumu cha mwendo wa kilometa 100 kwa saa kwa sababu ya ubora wa hewa, na mabishano ya Austria na majirani zake kuhusu malori ya Brenner yamedumu kwa miongo. Anayeyasikiliza bila kujua habari ya bwawa la hewa baridi anaweza kudhani ni ugomvi wa ushuru tu.

Sasa tufikie lile pengo la kusini, ambalo ndilo linaloifanya Innsbruck kuwa jina la kawaida katika vitabu vya metorolojia, yaani sayansi ya hali ya hewa. Mto Sill huingia Inn ukitokea bonde la Wipptal, na bonde hilo hupanda moja kwa moja hadi Brenner, kilometa thelathini na kitu kusini mwa mji. Brenner ina mita 1,370 hivi, na ndiyo njia ya chini kuliko zote kuu zinazovuka uti wa mgongo wa milima ya Alpi, wakati vilele vya kandokando yake, magharibi na mashariki, hufikia mita 3,500. Ni kama ukuta mrefu uliokatwa mahali pamoja, na kipande kilichokatwa kinatazamana na mji.

Hewa ya kusini mwa Alpi inapokuwa na kanieneo kubwa kuliko ya kaskazini, husukumwa kupita katika pengo hilo na, mkondo ukiwa mkubwa, juu ya vilele vyenyewe. Upande wa kaskazini huporomoka kwa nguvu. Upepo huu huitwa Föhn. Ni mkavu, una joto, na huja kwa mikupuo; mjini mikupuo hiyo inaweza kuzidi kilometa 100 kwa saa, na kwenye kilele cha Patscherkofel ni mikali mno zaidi ya hapo. Hutokea hasa katika majira ya kuchipua na yale ya kupukutika kwa majani, ingawa hakuna mwezi usiojua Föhn kabisa.

Joto lake lilitatanisha wasomi kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 wapo waliosema kwamba upepo huu ni hewa ya jangwa la Sahara iliyovuka Mediterania, maelezo yaliyoonekana kuwa na mantiki kwa sababu unatoka kusini na ni mkavu. Mwaka 1866 Julius Hann, mwanasayansi wa Austria, alionyesha kwamba Sahara haihitajiki. Hewa inaposhuka huingia mahali penye kanieneo kubwa zaidi na kubanwa, na hewa inayobanwa hupata joto bila kuongezewa moto wowote, jambo analolijua kila aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Kiwango chake ni karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 100 za kushuka. Tuseme hewa iko katika mwinuko wa mita 2,500 ikiwa na halijoto ya nyuzi 5 chini ya sifuri. Ikishuka hadi mita 574 itakuwa imeteremka zaidi ya mita 1,900, na itafika mjini ikiwa na karibu nyuzi 14. Kwa kuwa mvuke iliokuwa nao ni uleule wa hewa baridi ya juu, yaani mchache, hewa hiyo huwa kavu sana ikisha kupata joto.

Maelezo yanayofundishwa shuleni huongeza hatua moja: kwamba hewa ya kusini hupanda kwanza, hunyesha mvua yake upande wa Italia, na joto linaloachwa na mvuke unapogeuka matone hubaki ndani ya hewa na kushuka nayo kaskazini. Hatua hiyo ni ya kweli siku nyingine, na mawingu mazito yanayoegemea mgongo wa Alpi ni ushahidi wake. Lakini si sharti. Vipimo vimeonyesha kwamba mara nyingi hewa ya chini ya upande wa kusini hukwama nyuma ya milima, na ile inayoshuka Innsbruck ni hewa iliyokuwa tayari katika kimo cha Brenner au cha vilele. Föhn wa namna hiyo huvuma bila tone la mvua kunyesha popote. Kwa hiyo kinachohitajika ni kushuka; kupanda na kunyesha ni nyongeza.

Lipo pia swali gumu zaidi, nalo ni kwa nini Föhn hauingii mjini pale tu unapoanza milimani. Mara nyingi saa nyingi, hata siku nzima, hupita huku Igls na miteremko ya Patscherkofel ikipigwa na upepo wa joto, na mji ulio chini yao umekaa kimya katika baridi. Sababu ni lile bwawa la hewa baridi. Hewa ya Föhn, kwa joto lake, ni nyepesi, na haiwezi kuzama ndani ya hewa nzito iliyojaa sakafuni. Huteleza juu yake. Bwawa hilo lazima liondolewe kwanza. Upepo wa juu huchubua uso wake kidogokidogo kwa msukosuko, jua likiwepo hulipasha kutoka chini, na wakati huohuo hewa baridi yenyewe hutiririka kuondoka kuelekea mashariki, ambako bonde linateremka. Mtiririko huo huleta mjini upepo baridi wa magharibi unaotangulia Föhn, na mgeni anayehisi upepo huo usoni hawezi kudhani kwamba ni dalili ya joto linalokaribia. Bwawa linapokwisha, mpaka kati ya hewa mbili hufika mtaani, na halijoto huruka. Wakati mwingine hewa baridi hurejea kutoka kandoni, Föhn ukasita kwa saa chache, kisha ukavunja tena. Mwanzoni mwa karne ya 20 Heinz von Ficker alichunguza mambo haya mjini humo, hata kwa kupanda angani kwa puto. Na mwaka 2017 watafiti walijaza bonde vifaa vya kisasa kwa ajili ya swali hilohilo, jambo linaloonyesha kwamba saa ya kuingia kwa Föhn bado ni ngumu kutabiri.

Athari zake ni za kawaida kabisa katika maisha ya watu. Huyeyusha theluji kwa kasi, huivisha mahindi ya bondeni mwishoni mwa msimu, na hukausha kila kitu kiasi kwamba moto mdogo unaweza kuwa balaa: mji wa Glarus nchini Uswisi uliteketea kwa sehemu kubwa mwezi Mei 1861 wakati Föhn ukivuma. Marubani wanaotua Innsbruck hupewa mafunzo maalumu, kwa sababu njia ya kurukia na kutulia ndege imelala kwa urefu wa bonde, mashariki na magharibi, wakati Föhn hutoka Wipptal na kuikata kwa ubavu.

Kuhusu mvua hakuna mengi ya kueleza. Milima ya kaskazini na ya kusini huzuia sehemu ya mawingu yanayotoka pande hizo, hivyo mji hupata milimita 900 hivi kwa mwaka, pungufu ya miteremko ya nje ya Alpi. Mwezi wenye mvua nyingi ni Julai, wakati hewa ya joto inayopanda miteremkoni hujenga mawingu ya radi alasiri, na miezi ya baridi ndiyo mikavu zaidi. Mto wenyewe hufuata kalenda tofauti na mvua: hujaa mwezi Juni na Julai, theluji ya juu na barafu vinapoyeyuka, na maji yake huwa na rangi ya kijivu na kijani kwa sababu ya unga wa mawe uliosagwa na barafu.

Ukavu huo wa majira ya baridi uliwahi kuuaibisha mji mbele ya dunia. Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1964 ilipokaribia, theluji ilikosekana, na jeshi la Austria likalazimika kubeba takriban mita za ujazo 40,000 za theluji kutoka juu hadi kwenye njia za kuteleza, pamoja na matofali ya barafu 20,000 kwa ajili ya njia za sleji. Watu walishangaa kwamba mji wa Alpi unaweza kukosa theluji, lakini kwa aliyezingatia umbo la bonde hapakuwa na ajabu: mahali palipokingwa na milima pande mbili, penye Föhn wa kuyeyusha kidogo kinachoanguka, theluji si kitu cha kuahidi.

Kwa upande mwingine, bonde linaweza kuzalisha theluji pale ambapo tambarare ya nje inapata mvua. Chembe za theluji zinazoyeyuka zikiwa njiani hunyonya joto kutoka kwenye hewa. Ndani ya bonde hewa ni kidogo na upepo hauifikii kwa urahisi kuleta joto jipya, kwa hiyo mnyesho mkubwa unaodumu kwa saa kadhaa huipoza hadi sifuri, na mpaka wa theluji hushuka hatua kwa hatua hadi sakafuni. Hata hivyo njia hii hufanya kazi tu kama hewa ilianza ikiwa karibu na sifuri, na ndipo ongezeko la joto duniani linapoingia. Halijoto imepimwa Innsbruck tangu mwishoni mwa karne ya 18, na kumbukumbu hizo pamoja na za vituo vingine vya Austria zinaonyesha kwamba eneo la Alpi limepata joto zaidi ya nyuzi 2 tangu karne ya 19, kiwango kinachozidi sana wastani wa dunia. Nyuzi mbili katika mji ambao wastani wake wa Januari uko jirani na sifuri zinatosha kugeuza mnyesho mwingi wa theluji kuwa mvua. Ardhi isiyo na theluji nayo hupokea jua badala ya kulirudisha, na bwawa la hewa baridi linalojengeka juu yake huwa dhaifu na huvunjika mapema. Huko juu, barafu zinazoulisha Inn zinapungua mwaka hadi mwaka, na kadiri zinavyopungua, mafuriko ya mto husogea kuelekea majira ya kuchipua na maji ya Agosti hupungua.